Runinga bapa haikuingia Kwa Njenga kwa sababu ya picha angavu

Kuna lawama inayorudiwa sana na watu wasioishi Mukuru kwa Njenga, mtaa wa mabanda wa Nairobi. Utaisikia kwenye matatu inayopita barabara ya Outering, utaisikia kwa wageni wa mashirika wanaokuja na madaftari, na wakati mwingine utaisikia kwa wanasiasa wanaoomba kura huko huko. Watu hawa, wanasema, hawana choo cha kwao, maji wananunua kwa mtungi, wanalala wanne au watano katika chumba cha futi kumi kwa kumi, lakini ukichungulia ndani unakuta runinga bapa ya inchi 32 imening'inia kwenye ukuta wa mabati. Kisha kichwa kinatikiswa. Uamuzi umeshatolewa: maskini hajui kupanga pesa zake, amelaghaiwa na matangazo, anataka kuonekana na jirani.

Naikataa lawama hiyo, na si kwa huruma. Naikataa kwa sababu si ya kweli. Anayefuatilia jinsi runinga hizi zilivyoingia Kwa Njenga, chumba kwa chumba, ataona kwamba kila hatua ilikuwa na hesabu yake, na kwamba hesabu hiyo ilifanywa kwa makini kuliko inavyofanywa katika nyumba nyingi za mtaa wa kitajiri wa Lavington. Ataona pia jambo ambalo watengenezaji wenyewe hawakulitarajia. Ile sifa kuu waliyoitangaza, yaani picha angavu ya HD, haikuwa sababu ya watu kununua. Ilikuja imeambatana na sababu nyingine, na kwa miaka mingi ilikaa ndani ya kioo bila kutumika.

Hata huko ilikotoka mambo yalikwenda hivyo. Wahandisi wa NHK, shirika la utangazaji la Japani, walianza utafiti wa picha hii baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964. Runinga za wakati ule zilichora picha kwa mistari 525 kule Japani na Marekani, na 625 katika sehemu kubwa ya Ulaya na huku kwetu. Wao walitaka zaidi ya elfu moja. Walifanikiwa. Mwaka 1991 Japani ilikuwa ikirusha vipindi vya HD kila siku, na Marekani ikaanza mwaka 1998. Lakini wanunuzi walikuwa wachache. Runinga ziliuzwa kwa maelfu ya dola, zilikuwa nzito ajabu, na vipindi vya kutazama vilihesabika. Mambo yalibadilika pale kioo kilipokuwa chembamba na bei ikaanguka. Kufikia mwisho wa 2007 runinga za LCD zilikuwa zimezipita zile za zamani kwa mauzo duniani. Na hata hapo, Wamarekani wengi waliojivunia runinga ya HD sebuleni walikuwa wakitazama matangazo ya kawaida tu, bila kujua tofauti. Walichokinunua ni umbo jipya. Hao ni watu wenye sebule kubwa na mishahara ya mwezi. Kwa nini basi mkazi wa Mukuru apimwe kwa kipimo kikali zaidi?

Tuingie ndani ya chumba. Futi kumi kwa kumi ni takriban mita tatu kwa tatu. Humo kuna kitanda, pazia linalokigawa chumba ili wazazi walale upande mmoja na watoto upande mwingine, kuna jiko, mitungi ya maji, ndoo, meza ndogo, makochi kama yapo, na masanduku ya nguo chini ya kitanda. Runinga ya zamani, ile yenye chogo, ilihitaji karibu nusu mita kutoka kioo hadi mgongo. Ile ya inchi 21 ilikuwa na uzito wa kilo ishirini na zaidi, kwa hiyo haikuweza kukaa juu ya kitu chochote chepesi. Ilidai meza yake yenyewe, tena meza imara. Juu yake mama mwenye nyumba alitandika kitambaa alichokifuma na kuweka maua ya plastiki, maana mahali palipokaliwa na mzigo mkubwa namna ile lazima pawe na kazi nyingine. Katika chumba cha Kwa Njenga, nusu mita ya sakafu ni mahali pa mtoto kulala. Runinga bapa ilipohamia ukutani, iliirudishia familia ile nusu mita. Hakuna tangazo hata moja nililowahi kuliona likitaja jambo hilo, lakini ukiuliza akina mama wa huko faida ya runinga mpya, hilo ndilo jibu la kwanza.

Pili ni kuhama. Mtu wa Kwa Njenga huhama mara nyingi: kodi imepanda, kazi ya kibarua imehamia kiwanda kingine cha Industrial Area, mwenye ploti anataka kujenga ghorofa kama zile za mtaa jirani wa Pipeline. Na mara nyingine huhamishwa. Mnamo Oktoba na Novemba 2021 matingatinga yalibomoa nyumba za maelfu ya watu hapo Kwa Njenga ili kupitisha barabara ya kuunganisha na ile kuu ya Nairobi Expressway. Aprili na Mei 2024 mvua kubwa iliufurisha mto Ngong, maji yakaingia Mukuru usiku, na baada ya mafuriko ukaja ubomoaji mwingine kando ya mto. Mioto nayo haihitaji kusimuliwa. Kila mkazi ana wake anaoukumbuka. Mtu aliye na dakika chache za kuokoa mali huchukua watoto, hati, godoro, mtungi wa gesi, na runinga. Ile ya kilo tano unaibeba kwapani huku mkono mwingine umemshika mtoto. Ile ya chogo ilibaki nyuma na kuzama.

Kisha kuna jambo ambalo wachumi wa kwenye vitabu hulisahau. Kwa mtu anayelipwa kwa siku, runinga ni akiba inayoshikika. Mtoto akilazwa hospitali, shailoki, yaani mkopeshaji wa mtaa, hataki kuona akaunti ya benki. Anataka kuona mali. Runinga ya inchi 32 inayofanya kazi inapokelewa kama dhamana na inauzika jioni hiyo hiyo. Bibi zetu walifuga kuku na mbuzi kwa sababu iyo hiyo, wala hakuna aliyewaita watu wa anasa.

Lakini mali lazima kwanza inunulike, na hapa ndipo China inapoingia. Mwaka 2011 makampuni mawili ya huko, BOE ya Beijing na CSOT ya Shenzhen iliyo chini ya TCL, yalifungua viwanda vya kioo vya kizazi kinachoitwa 8.5. Humo hufanyiwa kazi bamba moja kubwa la kioo lenye upana wa mita 2.2 na urefu wa mita 2.5, kisha hukatwa. Bamba moja hutoa vioo 18 vya inchi 32, bila mabaki mengi ya kutupa. Viwanda vingine vya aina hiyo vikafuata, vioo vikawa vingi kuliko wanunuzi, na bei ya inchi 32 ikaporomoka. Ndiyo maana inchi 32 ndiyo runinga ya Mukuru. Wengi hudhani watu walichagua ukubwa huo kwa majivuno. Ukweli ni kwamba kioo hicho ndicho kilichokuwa rahisi kukikata.

Vioo hivyo vikafika kwenye maduka ya runinga ya Luthuli Avenue, jijini Nairobi, vikiwa na majina ambayo mzazi wangu hakuwahi kuyasikia: Vitron, Star X, Vision Plus, pamoja na Hisense na TCL zenye majina makubwa zaidi. Runinga iliyokuwa ikiuzwa makumi ya maelfu ya shilingi mwanzoni mwa muongo uliopita ikaja kuuzwa kwa elfu kumi na kitu, pamoja na ushuru na VAT ya asilimia 16 ambayo maskini na tajiri hulipa sawasawa. Wakati huo huo zile za zamani zilikuwa zinatoweka madukani. Sony iliacha kutengeneza Trinitron mwaka 2008, wengine wakafuata, na Great Wall ya inchi 14, ile nyeusi na nyeupe iliyowalea wengi wetu kwa betri ya gari, ikabaki kwa mafundi. Elfu kumi na kitu si pesa ndogo kwa mtu wa kibarua. Ndiyo kazi ya chama: wanawake kumi wanachanga kila wiki, zamu ikizunguka, mwenye zamu anakwenda Luthuli na dada mmoja wa chama kama shahidi, runinga inajaribiwa dukani mbele ya macho yao, risiti inakunjwa na kuwekwa ndani ya Biblia. Nani kati ya wanaolaumu hununua vitu vyake kwa uangalifu wa namna hiyo?

Hata hivyo bei pekee isingetosha. Kilichowasukuma watu wengi kwa wakati mmoja kilitoka serikalini, na kisa hicho kinastahili kukumbukwa kwa urefu, maana tunakisahau upesi.

Tarehe 9 Desemba 2009 Rais Mwai Kibaki alizindua utangazaji wa dijitali nchini. Kulikuwa na mkataba wa kimataifa uliotiwa saini Geneva mwaka 2006, uliotaka mataifa yaondoke kwenye analogi kufikia tarehe 17 Juni 2015. Signet, kampuni tanzu ya KBC, shirika la utangazaji la taifa, ikapewa kazi ya kusambaza mawimbi, na baadaye leseni ya pili ikaenda kwa Pan African Network Group kutoka China. Kenya ilianza na mfumo mmoja wa dijitali, kisha ikahamia ule mpya zaidi wa DVB-T2, na wale waliokuwa wamekimbilia ving'amuzi vya mwanzo wakajikuta na masanduku yasiyonasa kitu. Ilikuwa dalili ya mapema ya nani angelipia gharama za safari hiyo.

Vituo vikubwa vya binafsi havikukubali kirahisi. Royal Media, Nation Media na Standard walikwenda mahakamani wakitaka leseni yao ya kusambaza mawimbi. Kesi ikapanda Mahakama Kuu, ikaenda ya Rufaa, ikaishia Mahakama ya Juu iliyotoa uamuzi Septemba 2014. Majirani zetu Watanzania walikuwa wamekwisha kuizima analogi Dar es Salaam tangu tarehe 31 Desemba 2012. Hapa kwetu, Februari 14, 2015, siku moja baada ya Mahakama ya Juu kukataa kuongeza muda, Mamlaka ya Mawasiliano ilizima mitambo, na Citizen, NTV, KTN na QTV zikatoweka hewani. Vituo vyenyewe vilikataa kurudi kwa mitambo ya wengine hadi mitambo yao iwe tayari. Kwa zaidi ya wiki mbili taifa lilikaa bila habari za saa moja kutoka vituo vilivyokuwa vikitazamwa zaidi.

Wakati wanasheria wakigombana, Kwa Njenga swali lilikuwa moja: nitaona vipi? Aliyekuwa na runinga ya chogo alihitaji king'amuzi. Kulikuwa na vya GOtv na StarTimes, vilivyoambatana na malipo ya mwezi, na kulikuwa na vile vya bure kama Bamba. Kila kimoja kiliuzwa kwa maelfu ya shilingi, kilihitaji tundu la pili la umeme, nyaya zake, rimoti yake, na mara nyingi antena mpya. Marekani ilipozima analogi tarehe 12 Juni 2009, serikali ilikuwa imewapa wananchi vocha za dola 40, mbili kwa kila nyumba iliyoziomba, ili zipunguze gharama ya king'amuzi. Mkenya hakupewa vocha. Aliambiwa anunue, au aketi kwenye giza.

Basi watu walipiga hesabu. Kununua king'amuzi kwa ajili ya runinga ya zamani ilikuwa kama kuiwekea paa jipya nyumba inayoanguka. Runinga bapa zilizoanza kufika madukani zilikuwa na kinasio cha DVB-T2 ndani yake. Wachuuzi wa Luthuli waliziita dijitali na kuandika kwa kalamu kubwa kwenye kadibodi kwamba hazihitaji king'amuzi. Waya mmoja, rimoti moja, hakuna malipo ya mwezi. Tofauti ya bei kati ya king'amuzi na runinga nzima ilizidi kupungua kila mwaka, na mtu ambaye angesubiri miaka mitano zaidi na runinga yake ya zamani akaamua kuiacha. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote. Serikali haikuwauzia watu HD. Iliua ile runinga waliyokuwa nayo, na iliyokuwa dukani wakati huo ilikuwa ya HD.

Umeme nao ulikuwa na neno lake. Kwa Njenga kuna wenye mita halali za Kenya Power, na kuna wanaotumia stima ya sambaza, inayovutwa na vijana wa mtaa kutoka kwenye nguzo na kulipiwa shilingi mia kadhaa kwa mwezi. Utafiti uliofanywa Mukuru, ambayo Kaunti ya Nairobi iliitangaza kuwa eneo maalum la mipango mnamo Agosti 2017, ulionyesha jambo ambalo wakazi walilijua siku nyingi: maskini wa Mukuru hulipia huduma kama stima na maji bei ya juu kuliko watu wa mitaa rasmi, na wanapata huduma mbovu zaidi. Laini moja hubebeshwa vyumba visivyo na idadi. Ikifika saa moja jioni, kila mtu amewasha, taa zinafifia, pasi haipati moto. Runinga nyingi bapa zimeundwa kufanya kazi kuanzia volti 100 hadi 240, na inchi 32 hula takriban wati 30 hadi 60, chini ya runinga nyingi za chogo zilizokuwa ndogo kuliko hiyo. Taa inafifia lakini habari zinaendelea. Zipo hata zinazokubali volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri. Adui wake ni stima inayorudi ghafla kwa kishindo baada ya kukatika. Kwa hiyo mwenye hekima hununua gadi ya kuikinga siku ile ile ya kununua runinga, na asiye nayo huchomoa waya ukutani kila stima inapopotea, hata kama ni usiku wa manane.

Sasa nije kwenye HD yenyewe, maana ilifika, ila kwa njia za panya.

Nyuma au pembeni mwa runinga nyingi bapa kuna tundu la flashi. Katika kila stendi ya Kwa Njenga, na kando ya barabara za Pipeline na Tassia, kuna kibanda chenye kompyuta na orodha ndefu ya filamu. Unapeleka flashi yako, unachagua, unalipa sarafu chache kwa kila filamu, na jioni familia ina sinema. Filamu hizo huwa zimehifadhiwa kwa ubora wa HD, wa pikseli 720 au 1080 kwa wima, kwa sababu ndivyo zinavyopatikana mitandaoni. Kwa wakazi wengi, picha ya kwanza angavu kwelikweli kuiona ndani ya nyumba yao haikutoka kwa kituo chochote cha runinga. Ilitoka kwenye flashi, na mara nyingi ilikuwa na sauti ya msimulizi DJ Afro juu yake, akimsimulia mwigizaji wa Kihindi au wa Kichina kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng, akimbatiza jina la mtaani na kumpa maneno ambayo mwandishi wa filamu hakuyaota. Haki za wenye filamu ni suala zito na halipaswi kufunikwa. Lakini anayetaka kujua nini kiliwafanya watu waithamini runinga mpya, aanzie hapo, kwenye tundu dogo la pembeni ambalo runinga ya chogo haikuwa nalo.

Njia ya pili ilipitia kwa vijana wa PS. Mabanda ya kuchezea PlayStation ni biashara ya kweli Mukuru. Kijana mmoja mwenye mashine mbili anaweza kulipa kodi na kumsaidia mamake. Kwa miaka mingi mashine yao ilikuwa PlayStation 2, iliyochomekwa kwenye runinga yoyote kwa zile nyaya tatu za njano, nyeupe na nyekundu. Kisha ikaja PlayStation 4, iliyotoka mwaka 2013 na kufika mabandani baadaye ikiwa imetumika. Hiyo haina nafasi ya nyaya tatu. Hutoa picha kwa HDMI peke yake. Kijana aliyetaka kuwabakiza wateja wake waliotaka FIFA mpya ilimbidi abadilishe runinga pia. Hakuwa na la kufanya. Na mtoto aliyeuona uwanja wa mpira kwenye kioo kile, nyasi moja moja na nambari kwenye jezi ya kila mchezaji, alirudi nyumbani akaitazama runinga ya chogo kwa macho mengine. Wazazi wengi walianza kusumbuliwa hapo.

Mabanda ya video, yale ya kutazamia Ligi Kuu ya Uingereza, yalifanya kazi iyo hiyo kwa watu wazima. Mpira wa Ulaya uko kwenye king'amuzi cha kulipia ambacho mtu wa kibarua hakiwezi kila mwezi, kwa hiyo Jumamosi hulipa kiingilio cha shilingi chache na kuketi kwenye benchi. Mwenye banda lenye kioo kikubwa na angavu ndiye anayejaza. Ushindani huo uliwafundisha watu kuitambua picha nzuri kabla hawajaimiliki.

Na mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya Covid, na masomo ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala yaliporushwa hewani, runinga ikawa darasa kwa wale waliokuwa nayo. Kwa wazazi waliokuwa wakisitasita, hilo lilimaliza mjadala.

Sasa nirudi kwa wale wenye mamlaka, kwa kuwa nina malalamiko ya haki. Tulipohamishwa kwenda dijitali tuliahidiwa picha bora. Tulichopewa ni wingi. Masafa yenye upana wa megahezi 8, ambayo chini ya analogi yalibeba kituo kimoja, sasa yanaweza kubeba zaidi ya kumi vya picha ya kawaida. HD hula nafasi ya vituo kadhaa. Wenye mitambo wakachagua kuuza nafasi kwa wengi: vituo vya nyimbo, vya mahubiri, vya kila lugha. Lugha zetu kupata vituo ni jambo jema. Lakini kioo chenye pikseli 1366 kwa 768, alichokinunua mtu kwa jasho, kikalishwa picha ya mistari 576 iliyobanwa hadi ikafifia, na mara nyingi ikavutwa pande mbili ijaze kioo kipana, nyuso za watangazaji zikawa kama zimevimba. Vipo vituo vilivyoanza kurekebisha tangu hapo, na vinastahili shukrani. Bado kwa miaka mingi mwananchi alikuwa na HD ukutani na wala hakuna aliyemrushia HD, isipokuwa muuza filamu wa kibandani.

Tena kuna zile runinga zilizoachwa. Kioo cha runinga ya chogo kina madini ya risasi, hata kilo nzima au zaidi katika kimoja. Uamuzi wa taifa ulivifanya vifaa vingi vya aina hiyo kuwa takataka, bila kuweka mahali pa kuvirudisha karibu na vilipo. Vingine vilifika kwa kituo cha taka za kielektroniki cha WEEE kule Utawala. Vingi vilivunjwa na vijana waliotaka shaba iliyo ndani, vioo vikatupwa kwenye mitaro inayomwaga mtoni. Watoto wa Mukuru wanacheza kando ya mitaro hiyo.

Kwa hiyo siwaombi wakazi wa Kwa Njenga wabadilishe matumizi yao. Wao wamefanya sehemu yao: walinunua kwa pesa zao, bila vocha, wakalipa ushuru, na wakaipa teknolojia hii kazi kumi ambazo waundaji wake hawakuzifikiria. Deni liko upande mwingine. Kenya Power ifike na mita na nyaya zinazohimili mzigo, kwa bei ile ile wanayolipa watu wa mtaa jirani wa Imara Daima. Kaunti iweke mahali pa kupokea runinga mbovu ndani ya Mukuru. Nayo Mamlaka ya Mawasiliano iiwekee KBC sharti lenye tarehe: Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 limepangwa kuchezwa Kenya, Tanzania na Uganda, na kila mechi ya timu yetu ya taifa, Harambee Stars, irushwe bure, kwa HD kamili, kwenye mawimbi ambayo runinga ya ukutani Kwa Njenga inayanasa bila king'amuzi na bila malipo ya mwezi. Mitambo ipo, masafa yapo, na vioo vilishanunuliwa zamani.